Mikanda iliyopindika ndani ya chuma: maswali kuhusu superkondakta za chuma

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa fizikia, kwa walimu wawili watatu, na kwa wasomaji walioona kichwa cha habari kuhusu "chembe ya Majorana" wakataka kujua kulikoni. Yanaanzia kwenye mepesi kwenda magumu, lakini ruka utakapo. Halijoto zote ni za kelvini: maji huganda kwenye kelvini 273, na kelvini 0 ndiyo mwisho wa baridi. Nishati ndogo nimezipima kwa milielektronivolti. Ili upate kipimo, joto la chumba ni sawa na milielektronivolti 25 hivi.

Superkondakta ni nini, na hizi za chuma ni zipi?

Superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa chini ya halijoto fulani hupitisha umeme bila ukinzani wowote, tena huufukuza uga wa sumaku utoke ndani yake. La kwanza aliligundua Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden mwaka 1911, alipoipoza zebaki hadi karibu kelvini 4.2. La pili waliligundua Walther Meissner na Robert Ochsenfeld mwaka 1933.

Zile za chuma ni ukoo mmoja. Kiini chake ni tabaka la atomu za chuma zilizopangwa miraba kama vigae vya sakafu, jirani na jirani wakiachana nanomita 0.27 au 0.28. Juu na chini ya tabaka hilo, kwa kupokezana, hukaa atomu za aseniki au fosforasi, ama za seleniamu au teluriamu. Kila atomu ya chuma huzungukwa na nne za hizo, mbili juu na mbili chini. Kinachotofautisha ndugu wa ukoo huu ni kile kinachowekwa kati ya tabaka na tabaka: lanthanamu na oksijeni katika LaFeAsO, bariamu katika BaFe2As2, lithiamu katika LiFeAs. Katika FeSe hakuna kitu katikati. Ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini.

Chuma si ndicho chenye usumaku? Na usumaku si adui wa superkondakta?

Ndivyo ilivyoaminika, na ndiyo maana wengi hawakutafuta huko. Katika superkondakta za kawaida elektroni hutembea wawiliwawili, spini ya mmoja (usumaku mdogo ambao kila elektroni inao) ikielekea juu na ya mwenzake chini. Atomu yenye usumaku huzivuta zote mbili upande mmoja, na jozi huvunjika. Lakini chuma cha kampaundi hizi si chuma cha msumari. Katika kampaundi mama kama BaFe2As2, spini za chuma hujipanga kwa mistari: mstari mmoja unaelekea huku, unaofuata kule, hata jumla ikawa sifuri. Ukiuvuruga mpangilio huo kwa kukoleza kemikali nyingine au kwa kugandamiza, usumaku hufifia na usuperkondakta huchipuka palepale ulipofia. Leo wengi wetu tunaamini kwamba mtikisiko uliobaki wa usumaku huo ndio gundi ya jozi. Adui amegeuka mshenga.

Ziligunduliwaje?

Kwa kutafuta kitu kingine. Kikundi cha Hideo Hosono mjini Tokyo kilikuwa kikishughulika na semikondakta. Mwaka 2006 kilitoa LaFePO, superkondakta ya kelvini 4 hivi, na wachache tu walishtuka. Februari 2008 kikaleta LaFeAsO ambayo sehemu ya oksijeni imebadilishwa kwa florini: kelvini 26. Hapo ndipo usingizi ulipowatoka watu. Kabla ya nusu ya mwaka kwisha, maabara za China zilikuwa zimeweka samariamu mahali pa lanthanamu na kufika kelvini 55. Mwaka huohuo Ujerumani ilitoa BaFe2As2 iliyokolezwa potasiamu, kelvini 38, na Taiwan ikatoa FeSe, kelvini 8 tu, sahili kuliko zote. Mwaka 2012 kikundi cha Qi-Kun Xue kilitandika tabaka moja la FeSe juu ya fuwele ya SrTiO3, na dalili za usuperkondakta zikaonekana hadi karibu kelvini 65. Kitu kile kile kikiwa bonge kinaishia 8.

"Mikanda" inayotajwa kila mahali ni nini?

Atomu moja ina ngazi za nishati. Ukikusanya atomu nyingi mno katika fuwele, kila ngazi hutanuka ikawa mkanda, yaani orodha ya nishati ambazo elektroni inaruhusiwa kuwa nazo kwa kila momentamu (kipimo cha mwendo wake na mwelekeo wake). Ukichora momentamu kwa ulalo na nishati kwa wima unapata mistari inayopanda na kushuka. Hiyo ndiyo mikanda. Elektroni huijaza kuanzia chini, na pale zinapokwisha ndipo kiwango cha Fermi. Mkanda uliojaa pomoni haupitishi umeme, kama daladala iliyoshonana ambamo huwezi hata kuinua mkono. Mambo yote ya maana hutokea pale mkanda unapokikata kiwango cha Fermi.

Mikanda ya superkondakta za chuma ina nini cha pekee?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kila kitu kinapotokea.

Kwanza, ni mingi. Chuma katika kampaundi hizi kina elektroni 6 katika obitali (maumbo ya mawimbi ya elektroni ndani ya atomu) tano za aina ya d, na obitali tatu kati ya hizo, zinazoitwa dxz, dyz na dxy, zote zinafika kwenye kiwango cha Fermi. Superkondakta za shaba, ambazo Bednorz na Müller walizipatia Nobel mwaka 1987, huelezwa vizuri kwa mkanda mmoja. Hapa huwezi kusimulia kisa kwa mhusika mmoja.

Pili, mikanda hiyo inagusa tu. Katikati ya kanda ya momentamu, yaani eneo la momentamu zote ambamo mikanda huchorwa, mahali panapoitwa Gamma, kuna mikanda inayopanda kama vilima, na vilele vyake vinachungulia kidogo juu ya kiwango cha Fermi. Hivyo kunabaki vifuko vya matundu, yaani nafasi ambazo elektroni hazimo. Kwenye pembe za kanda, mahali panapoitwa M, kuna mikanda inayoshuka kama mabonde, na vitako vyake vinazama kidogo chini ya kiwango hicho: vifuko vya elektroni. Katika shaba ya waya kiwango cha Fermi kiko elektronivolti 7 juu ya kitako cha mkanda. Hapa kilele au kitako kinaweza kuwa milielektronivolti 10 tu kutoka kwenye kiwango, pengine chini ya hapo. Kila anayeingia kwenye fani hii akitoka kwenye metali za kawaida hukosea mara ya kwanza kwa kusahau udogo huu.

Tatu, elektroni zinasumbuana. Hesabu za kawaida huchora mikanda mipana. Vipimo vikija, mikanda inaonekana imebanwa mara mbili au tatu, na ile ya dxy zaidi ya wenzake, hasa ukikaribia teluriamu. Sababu kubwa ni kanuni ya Hund, ile ya darasani, kwamba elektroni ndani ya atomu hupendelea kuelekeza spini zao upande mmoja. Obitali moja ya chuma hicho hicho inaweza kuwa na elektroni nzito zinazojikokota wakati ya jirani yake ina elektroni zinazokimbia.

Na nne, kila kitu kinategemea kimo cha atomu ya aseniki au seleniamu juu ya tabaka la chuma. Superkondakta bora za aseniki zina kimo cha karibu nanomita 0.138, na pembe kati ya aseniki, chuma na aseniki iko karibu na nyuzi 109.5, ile ya piramidi kamili ya pande nne. Sogeza kimo hicho kidogo na kilele cha mkanda mmoja kinazama, cha mwingine kinaibuka. Kimo hiki nitakirudia tena na tena.

Kwa nini baadhi ya michoro ina kanda moja ya momentamu na mingine imekunjwa?

Ukitazama atomu za chuma pekee, kigae kimoja, yaani kipande kidogo kabisa kinachojirudia, kina chuma kimoja. Lakini aseniki ziko juu, chini, juu, chini, kwa hiyo kigae halisi kina chuma mbili, na kanda ya momentamu hukunjwa ikawa nusu. Kabla ya kulinganisha makala mbili, angalia kwanza kila moja inatumia kigae kipi. Mabishano mengi ya wanafunzi huishia hapo.

Elektroni zinashikanaje jozi?

Mitetemo ya fuwele, ambayo mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer waliitumia kuelezea metali za kawaida, ni dhaifu mno kufikisha kelvini 55. Mwaka 2008 wananadharia kadhaa, wakiwemo Igor Mazin na Kazuhiko Kuroki na wenzao, walipendekeza kwamba mitikisiko ya spini huirusha jozi kutoka vifuko vya Gamma kwenda vifuko vya M. Kwa vile mrusho huo ni wa kusukumana, si wa kuvutana, jozi hupona kwa hila moja: wimbi lake linabadili alama njiani. Kwenye Gamma bahari inajaa, kwenye M inakupwa, kwa wakati huohuo. Ndani ya kifuko kimoja hakuna sehemu iliyokauka, na kwa hiyo pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika kuivunja jozi, halifiki sifuri popote. Hali hii huandikwa s±.

Inaelezea mengi, ila si yote. Tabaka moja la FeSe juu ya SrTiO3 halina vifuko vya matundu katikati, vimezama vyote, na bado halijoto yake ni ya juu kuliko ya ndugu zake. Nadharia inayotegemea safari ya Gamma kwenda M inabidi ijieleze hapo.

Unematiki ni nini?

Ni pale fuwele ya miraba inapoamua kwamba upande mmoja si sawa na mwingine, kabla ya usumaku au bila usumaku kabisa. FeSe hufanya hivyo kwenye kelvini 90: obitali dxz na dyz, zilizokuwa mapacha, huachana nishati, na vifuko hurefuka kama yai. Inasisimua, lakini kwa habari ya topolojia tunaweza kupita.

Topolojia inaingia wapi? Si hesabu ya maumbo?

Kiswahili kimetupa bahati hapa, kwa sababu mkanda wa nishati na mkanda wa suruali ni neno moja. Chukua mkanda wa suruali, ufunge kifungo chake, uweke mezani: ni pete. Ufungue, upindue ncha moja nusu mzunguko, ufunge tena. Utauvuta, utaukunja, utaubana, lakini pindo halitoki mpaka ufungue kifungo. Topolojia ni elimu ya mambo yasiyotoka bila kufungua kifungo.

Katika fuwele, mikanda iliyojaa nayo inaweza kuwa na pindo inapoizunguka kanda ya momentamu. "Kufungua kifungo" ni kulifunga pengo la nishati lililo kati ya mikanda iliyojaa na iliyo mitupu. Sasa fikiria mpaka kati ya fuwele yenye pindo na hewa, ambayo haina pindo. Pindo haliwezi kutoweka bila pengo kufungika mahali fulani, basi hufungika pale pale mpakani. Ndiyo maana uso wa fuwele ya namna hii hulazimika kuwa na elektroni zinazopita, hata kama ndani pana pengo. Mchoro wa nishati yao ni koni mbili zilizokutana ncha, koni ya Dirac, na spini ya kila elektroni imefungwa kwenye mwelekeo wa safari yake.

Kwa nini teluriamu ndiyo iliyoleta pindo?

Swali zuri kuliko yote katika ukurasa huu.

Tazama mikanda si kwa ulalo wa tabaka bali kwa wima, kutoka Gamma kwenda mahali panapoitwa Z, yaani elektroni inayosafiri kutoka chapati hii kwenda ile ya juu yake. Mikanda ya d ya chuma haitikisiki sana kwa njia hiyo, kwa sababu obitali zake zimekaa ndani ya tabaka. Juu yake kuna mkanda mwingine uliochanganyika na obitali pz za seleniamu, zilizosimama wima kama nguzo. Katika FeSe mkanda huo uko juu, mbali, tena mtupu.

Badilisha nusu ya seleniamu kwa teluriamu. Teluriamu ni nene zaidi na hukaa juu zaidi kutoka kwenye chuma: kimo, tena. Nguzo za pz za tabaka moja sasa zinagusana vizuri na za tabaka la jirani. Mkanda unaoruka kirahisi kutoka tabaka hadi tabaka hutanuka kwa wima, na ncha yake upande wa Z huporomoka. Inashuka mpaka inaikata mikanda ya dxz na dyz. Kilichokuwa juu kimekuwa chini.

Kukatana tu hakutoshi. Mkanda wa pz na ile ya d zina pariti tofauti: ukigeuza fuwele nje-ndani kupitia kitovu chake, wimbi la mmoja hubadili alama na la mwingine halibadili. Mpangilio wa pariti ukipinduliwa kwenye Z na usipinduliwe kwenye Gamma, pindo limeingia. Mahali zinapokatana, muungano wa spini na obiti (spini ya elektroni kuathiriwa na mzunguko wake kwenye atomu), ambao ni mkubwa zaidi kwa atomu nzito kama teluriamu, hufungua pengo dogo kati ya pz na mmoja wa mikanda ya d. Kiwango cha Fermi kinapita jirani na hapo. Matokeo yake ni kwamba fuwele iliyo superkondakta hadi kelvini 14.5 ina, kwenye uso wake, koni ya Dirac. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 2015 kwa FeSe0.5Te0.5.

Kuna na jambo la pili ambalo huwa linasahaulika. Pz hukata mikanda miwili ya d, si mmoja. Katika ule wa pili, ulinganifu wa robo mzunguko wa fuwele hukataza pengo lisifunguke, na kwa hiyo panabaki nukta za Dirac ndani ya bonge lenyewe, juu kidogo ya kiwango cha Fermi. Ukikoleza elektroni za ziada, kwa mfano kwa kuweka kobalti mahali pa baadhi ya chuma, kiwango hupanda na kuzifikia. Fuwele moja, aina mbili za topolojia, na unachagua kwa kijiko cha kobalti.

Koni hiyo imeonekana, au ni hesabu tu?

Imeonekana. Mwaka 2018 kikundi cha Shik Shin mjini Tokyo, na Peng Zhang akiwa mwandishi wa kwanza, kilichapisha vipimo vya mwanga wa leza unaong'oa elektroni kwenye uso wa Fe(Te,Se), ile fuwele yenye mchanganyiko wa teluriamu na seleniamu. Ukipima nishati na pembe ya elektroni iliyong'oka unajua ilikuwa wapi kwenye mkanda. Kanuni yake ni ya Einstein ya 1905, ila ukali wa kipimo ni wa zama hizi. Walihitaji ukali huo kwa sababu koni yote imebanwa: ncha yake iko milielektronivolti 4.4 tu chini ya kiwango cha Fermi. Waliona spini zimefungwa kwenye mwelekeo kama nadharia ilivyotaka, na walipopoza chini ya kelvini 14.5 wakaona pengo la milielektronivolti 1.8 likifunguka kwenye koni yenyewe, sawa kila upande. Bonge limeuambukiza uso wake usuperkondakta. Zamani watu walijaribu kupata hali hii kwa kubandika fuwele mbili tofauti, njia waliyoipendekeza Liang Fu na Charles Kane mwaka 2008, na mpaka kati ya fuwele hizo ulikuwa ukiwatesa. Hapa hakuna cha kubandika.

Na Majorana anaingiaje? Si alikuwa mtu?

Alikuwa mtu. Ettore Majorana, Mwitalia, aliandika mwaka 1937 kuhusu chembe iliyo pacha wa kinyume chake yenyewe. Mwaka uliofuata alitoweka. Kuhusu kutoweka kwake soma kwingine, utapata hadithi za kutosha.

Katika superkondakta, tukio la nishati sifuri kabisa ni nusu elektroni na nusu tundu kwa kipimo sawa, kwa hiyo linatimiza sharti lake. Linakaa wapi? Ndani ya kisulisuli. Superkondakta hizi zikiwekwa kwenye uga wa sumaku, uga hupenya kwa nyuzi nyembamba, kila uzi ukibeba kipimo kilekile kimoja cha uga, na umeme ukiuzunguka kama upepo wa kisulisuli. Katikati ya kisulisuli usuperkondakta umekufa, na elektroni zilizonaswa humo zina ngazi zao za nishati. Caroli, de Gennes na Matricon walizikokotoa mwaka 1964 kwa superkondakta ya kawaida: ngazi ziko kwenye nusu, moja na nusu, mbili na nusu za kipimo fulani, na hakuna ngazi ya sifuri. Kwenye koni ya Dirac, kule spini kufungwa na safari huongeza nusu nyingine, na orodha yote inasogea: sifuri, moja, mbili. Ile ya sifuri ndiyo inayoitwa Majorana.

Kwa nini isitafutwe kwenye superkondakta nyingine yoyote?

Fanya hesabu hii. Nafasi kati ya ngazi za kisulisuli ni mraba wa pengo ukigawanywa kwa nishati ya Fermi. Metali ya kawaida: pengo milielektronivolti 1, nishati ya Fermi 5,000. Jibu ni 0.0002, na hakuna chombo kitakachozitenganisha; zote zinaonekana kilima kimoja kilichokaa kwenye sifuri na kukudanganya. Fe(Te,Se): 1.8 mara 1.8, gawanya kwa 4.4. Jibu ni 0.7 hivi. Kwenye nusu ya kelvini, joto linatia ukungu wa 0.04 tu.

Udogo uleule wa vifuko unaotusumbua kwenye hesabu ndio unaotuonyesha ngazi moja moja. Ningetaja sifa moja tu ya ukoo huu, ningetaja hiyo.

Basi imethibitishwa?

Inategemea unamuuliza nani. Nitakueleza yaliyopimwa, kisha nitakueleza ninavyoyaona.

Mwaka 2018 vikundi vya Hong Ding na Hong-Jun Gao mjini Beijing vilishusha sindano ya hadubini juu ya visulisuli vya Fe(Te,Se) na kuona kilele kikali cha umeme kwenye nishati sifuri, kisichogawanyika hata sindano ikisogezwa pembeni ya kitovu. Kilele cha kawaida kingegawanyika. Mwaka huohuo, kikundi cha Hai-Hu Wen mjini Nanjing kilipima fuwele za namna hiyo kikaona ngazi za kawaida, zisizo na sifuri. Kwa muda ikawa kama mashahidi wawili wa ajali moja.

Suluhisho lilikuja mwaka 2019: katika fuwele moja kuna visulisuli vya aina zote mbili. Vingine vina ngazi za sifuri, moja, mbili; vingine vina nusu, moja na nusu. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wenye uzito, kuliko kilele chenyewe. Uchafu unaweza kukuwekea kilele kwenye sifuri kwa bahati mbaya. Ni vigumu uchafu uhamishe orodha nzima ya ngazi kwa nusu kamili. Mwaka huohuo watafiti wa RIKEN nchini Japani, kwa chombo kilichopozwa chini ya kelvini 0.1, walionyesha kwamba uga wa sumaku ukiongezwa, sehemu ya visulisuli vyenye sifuri hupungua. Maelezo mojawapo ni kwamba visulisuli vikisongamana, Majorana wa jirani huchanganyikana na kupoteza sifuri yao.

Lakini kwa nini vingine havina kabisa? Seleniamu na teluriamu hazijasambaa sawa, kuna viraka. Pindo linategemea teluriamu, kwa hiyo kiraka kimoja kinaweza kuwa nalo na cha jirani kisiwe nalo. Ni maelezo ya kuridhisha, labda ya kuridhisha kupita kiasi, kwa sababu yanaweza kusamehe karibu kipimo chochote.

Mwaka 2020 Beijing iliripoti kwamba sindano ikikaribishwa, upitishaji wa umeme kwenye sifuri hupanda kisha hutulia kama uwanda, karibu na kipimo ambacho Majorana halisi anapaswa kutoa. Karibu. Si kila kisulisuli, na si kila mara thamani ileile. Tahadhari hii ina sababu: mwaka 2021 makala iliyodai uwanda kamili wa namna hiyo kwenye nyaya nyembamba za semikondakta iliondolewa na waandishi wake katika jarida lililoichapisha mwaka 2018. Nyaya zile si kampaundi hizi, lakini funzo lilitembea maabara zote.

Ninavyoona mimi, koni ya Dirac kwenye uso ni jambo lililokwisha. Kuhama kwa ngazi kwa nusu ni nguvu sana. Tabia ile ambayo ingemaliza ubishi, yaani kumzungusha Majorana mmoja kumzunguka mwingine na kukuta hali ya mfumo imebadilika, haijafanyika katika superkondakta hizi, na asiyeisubiri hiyo anaharakisha.

Ni Fe(Te,Se) pekee?

Hapana. (Li,Fe)OHFeSe, ambayo ni superkondakta hadi karibu kelvini 40, imeonyesha sifuri kwenye visulisuli vyake, tena bila viraka vya teluriamu. CaKFe4As4 nayo, kelvini 35. Na LiFeAs, kelvini 18, ina kisa chake: ni safi mno, kila atomu mahali pake, lakini visulisuli vyake kwa kawaida havionyeshi sifuri. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba pale fuwele ilipojikunja yenyewe na kupata mkazo, visulisuli vilijipanga kwa safu na vingi mno kati yake vikawa na sifuri. Mkazo ulibadilisha mikanda. Mpangilio wa safu ni muhimu, kwa kuwa huwezi kujenga chochote kwa vitu vilivyotawanyika ovyo.

Kompyuta za kwanta zitatoka huku?

Wazo ni kwamba Majorana wawili walio mbali wanahifadhi taarifa moja, na kelele za mahali pamoja haziwezi kuisoma wala kuifuta. Wazo limesimama. Kuhamisha visulisuli kwa mpangilio, bila kuvitikisa, chini ya kelvini 1, ni kazi nyingine kabisa. Usinunue hisa.

Je, zina faida yoyote leo?

Waya za sumaku kali. Baadhi hustahimili uga unaozidi tesla 50 kwenye baridi ya heliamu, na hazibagui sana mwelekeo wa uga, tofauti na zile za shaba. China ilitengeneza waya wa mita 100 mwaka 2016. Ubaya wake ni aseniki, ambayo ni sumu. Hakuna fundi anayeipenda karakanani mwake.

Niko Afrika Mashariki, sina leza wala heliamu. Naweza kufanya nini?

Kukokotoa mikanda. FeSe ina atomu nne tu kwenye kigae, na kompyuta ya mkononi ya kawaida inaiweza kwa programu huria kama Quantum ESPRESSO. Shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret mwaka 2012, na huko Kigali ipo taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi ya Afrika Mashariki, tawi la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, tangu 2018. Hakuna anayeanza peke yake.

Ukianza, tegemea mambo matatu. Vifuko vyako vitatoka vikubwa kuliko vinavyopimwa, na kifuko cha dxy kitatokea mahali ambapo maabara haikioni. Hujakosea, ndiyo tabia ya hesabu hizi. Ukisahau kuwasha muungano wa spini na obiti, pengo la topolojia halitaonekana. Na ukiiachia programu itafute yenyewe mahali pa atomu bila kuweka usumaku, aseniki au seleniamu itashuka karibu na chuma kuliko ilivyo, kwa nanomita 0.01 au zaidi. Mimi wiki nzima nilitafuta kosa kwenye faili zangu za mikanda, kumbe seleniamu ilikuwa imekaa chini. Tumia kimo kilichopimwa kwa miale ya eksirei, kisha ukokotoe upya.